Nyunyiza Maji Kwanza

Nyanya yangu hakuwahi kufagia ua mkavu. Alfajiri, jiko halijawashwa, alichota maji kwa kata na kuyarusha kwa kiganja, matone madogo madogo, toka kizingiti cha mlango hadi chini ya mwarobaini. Akishamaliza ndipo aliposhika ufagio wa chelewa. Sisi wajukuu tukiwa na haraka ya kufagia bila kunyunyiza, alitusimamisha palepale: "Mjukuu wangu, vumbi hilo unalituma liende wapi? Nyunyiza maji kwanza."

Nilidhani ni usafi tu, na heshima ya nyumba. Miaka thelathini baadaye niliyasikia maneno yaleyale kwenye mafunzo ya afya, mkufunzi akitueleza namna ya kuwalinda watoto wanaoishi juu ya udongo wenye risasi: msifagie pakavu, lowesheni kwanza, ndani pigeni deki kwa kitambaa kilicholoa, msipangushe vumbi likaruka. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki, daftari mapajani, nikamwona nyanya kabisa na kata yake mkononi. Machozi yakanilengalenga.

Risasi ninayoisema si ya bunduki. Ni yale madini mazito na laini, ya rangi ya kijivu, yanayojaza zaidi ya nusu ya uzito wa betri ya gari. Yakishaingia ardhini hayatoki yenyewe. Hayaozi, mchwa hawayali, na masika hata yakija mara ishirini hayayachukui. Hubaki katika sentimita chache za juu, yaani palepale mtoto anapokaa kucheza.

Mimi ni mhudumu wa afya ya jamii upande wa bara, magharibi mwa kisiwa cha Mombasa. Nyumba zangu ni kama mia moja. Nazijua kwa milango yake, kwa mabwawa ya maji machafu mbele yake, kwa watoto wake. Nyuma ya safu ya mwisho ya nyumba hizo kulikuwa na kiwanja ambacho kwa miaka mingi bwana mmoja alikuwa akinunua betri kuukuu kutoka kwa vijana wa mikokoteni ya skrepa. Alizipasua kwa shoka. Maji ya betri yalimwagwa chini, yakafuata mkondo wake hadi mtaroni. Sahani za ndani zilirundikwa na kuuzwa kwa kilo, na siku nyingine ziliyeyushwa hapohapo kwenye sufuria juu ya moto wa mataili. Sikuwa mhudumu wakati huo. Nilipita pale nikienda dukani, nikajifunika pua kwa leso, nikaendelea na safari yangu kama walivyofanya wengine wote. Yule bwana alihama, kibanda kikaanguka, kiwanja kikabaki. Na kiwanja kikibaki wazi katika mtaa wetu, saa hiyohiyo huwa cha watoto.

Siku niliyoanza kukitazama vizuri nilikuwa nimekwenda kumwona mama aliyejifungua. Nikapita njia ya nyuma. Katika kona moja ya kiwanja, pale ambapo majani hayakuota hata baada ya mvua, alikaa mtoto wa miaka miwili hivi, miguu ameinyoosha. Alikuwa akilowesha kidole kwa mate, anakigusisha chini, anakilamba. Hakuwa na papara. Alifanya hivyo kwa utulivu kama mtu anayeonja sukari kwenye sahani, na kila akilamba alikitazama kidole kuona kama kimebaki kitu. Nilisimama nikamhesabia mara kumi na moja kabla sijapata pumzi ya kumwita mama yake.

Mama akaja akicheka. "Huyu ana hamu ya udongo, dada. Hata mimi mimba yake nilikula mawe kila siku."

Hilo halikunishangaza, wala sitaki msomaji yeyote wa mbali alishangae. Pwani yetu, na Kenya nzima, wajawazito hula udongo. Sokoni utakuta vile vipande vya mawe laini, odowa, vimepangwa kando ya tangawizi na ndimu. Wengine huchukua udongo wa kichuguu, wengine hubandua ukuta. Mimi mwenyewe nilikula mimba ya kwanza. Mara nyingi hamu hiyo huandamana na upungufu wa damu, mwili unapokosa madini ya chuma. Ubaya ni kwamba mwili uliokosa chuma na kalisi huifyonza risasi kwa pupa zaidi, kwa sababu unaidhania ndiyo ile kalisi unayoitafuta. Unaipokea, unaipeleka kwenye mifupa, unaiweka huko miaka na miaka. Mwanamke akishika mimba na mifupa yake ikaanza kutoa kalisi kumjengea mtoto, risasi ya zamani nayo hutoka, ikavuka hadi kwa aliye tumboni. Kwa hiyo msichana aliyecheza kwenye kona kama ile miaka ishirini iliyopita anaweza leo kumpa mwanawe vumbi ambalo yeye mwenyewe amelisahau.

Kwa mtoto mdogo mambo ni mabaya zaidi. Mtu mzima akimeza risasi, tumbo lake huchukua sehemu ndogo, kama moja ya kumi. Mtoto anaweza kuchukua karibu nusu. Nayo humvuruga ubongo wakati ubongo unajengwa: anachelewa kusema, anashindwa kutulia darasani, anakuwa mwepesi wa hasira, na mwalimu anamwita mkaidi. Risasi ikiwa nyingi huja maumivu ya tumbo, kukosa choo, upungufu wa damu, degedege, hata kifo. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama, na mwongozo wake wa mwaka 2021 unataka mtoto akikutwa na mikrogramu 5 au zaidi katika desilita moja ya damu, chanzo kitafutwe na kiondolewe. Sentensi hiyo niliisoma mara nyingi. Haikuanza na dawa. Imeanza na chanzo.

Mombasa tunayo habari ya Owino Uhuru, na wengi tunaijua nusu. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilianza kazi mwaka 2007, ukuta kwa ukuta na mtaa huo wa watu kama 3,000. Mwaka 2009 Phyllis Omido aliajiriwa pale, na mwanawe mchanga akaanza kuugua homa isiyoisha. Akatibiwa magonjwa ambayo sisi sote hutibiwa kwanza, malaria na taifodi, mpaka kipimo cha risasi kilipofanywa. Akaacha kazi. Akaanza kugonga milango ya ofisi moja baada ya nyingine, akaandamana na majirani, mwaka 2012 akakamatwa, hakunyamaza. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014, na mwaka uliofuata akapewa tuzo ya mazingira ya Goldman. Serikali ilipowapima watoto wa chini ya miaka mitano, wa Owino Uhuru walikuwa na risasi takriban mara mbili ya watoto wa mtaa wa Bangladesh, ambao nao uko hapahapa kwetu, wenye umaskini uleule na mabati yaleyale. Tofauti ilikuwa ardhi.

Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa ikaamua wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Nakumbuka siku hiyo, redio kila duka inasema fidia, fidia. Lakini hukumu ilikuwa na amri nyingine, ambayo ndiyo nusu tusiyoijua: walioshtakiwa wausafishe udongo na maji ya mtaa na kuondoa taka ndani ya miezi minne, la sivyo zitolewe shilingi milioni 700 kwa ajili ya kazi hiyo. Kesi ikapanda. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufaa ikaiondoa ile tuzo ya fidia, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Miaka kumi na zaidi baada ya tanuri kuzimwa, udongo ulikuwa bado pale. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule kiwanda kinafungwa alikuwa ameshafika darasa la tano, naye alijifunza kutambaa juu ya vumbi la watu ambao hajawahi kuwaona.

Simlaumu mtu kuitaka fidia. Mama aliyezika mtoto ana haki ya kulipwa, na katiba yetu katika kifungu cha 42 inampa kila mtu haki ya mazingira safi. Ninachokiuguza moyoni ni namna tunavyolipa jambo hili nusu na kuliita limekwisha. Fedha zikifika mkononi mwa mama, naye akanunua maziwa na dawa, mtoto akanywa, halafu akarudi kucheza kwenye udongo uleule, tumemfanyia nini?

Madaktari waliokwenda Zamfara, kaskazini mwa Nigeria, walilijibu swali hili kwa namna ambayo mwanzoni iliniumiza. Mwaka 2010 vijiji vya huko vilikuwa vikipoteza watoto. Watu walikuwa wakisaga mawe ya dhahabu majumbani, na mawe yale yalikuwa na risasi nyingi. Inakadiriwa watoto 400 au zaidi walikufa. Madaktari Wasio na Mipaka walikuwa na dawa ya kuvuta risasi kutoka kwenye damu. Lakini waliweka sharti: mtoto hataanzishiwa dawa mpaka ua wa nyumba yao usafishwe. Dawa ile huitoa risasi mwilini, na mwili ukirudishwa kwenye vumbi huanza kuipokea upya, kwa hiyo ungemtesa mtoto kwa dawa nzito bila faida. Wanakijiji wakashika majembe. Wakakwangua tabaka la juu la udongo ua kwa ua, wakalizika mbali katika mashimo yaliyotengenezwa, wakaleta udongo safi kutoka nje ya kijiji. Kijiji kimoja, Bagega, kilisubiri kusafishwa hadi mwaka 2013 kwa sababu ya kuchelewa kwa fedha. Miaka yote hiyo watoto wa Bagega walikuwa kwenye foleni nyuma ya udongo wao.

Nilipoisoma habari hiyo niliwaza kwamba ni ukatili. Sasa nimeielewa, na hilo ndilo ninalotaka kulisema kwa kila anayefanya kazi kama yangu: kwa ugonjwa huu, chumba cha kwanza cha hospitali ni ua wa nyumba.

Na kuiacha ardhi ikae haisaidii. Watu hudhani kiwanja kikizungushiwa mabati kimepona. Huko Thiaroye-sur-Mer, pembeni mwa Dakar, Senegal, betri zilikuwa zimevunjwa kwa miaka mingi na mchanga ukajaa mabaki. Bei ya risasi ilipopanda, watu wakauchimba ule mchanga, wakauchekecha kutafuta vipande vya kuuza, wengine wakaubeba kwenye magunia hadi nyumbani. Kati ya mwisho wa 2007 na mwanzo wa 2008 watoto 18 walikufa. Ardhi chafu iliyoachwa kati ya maskini itatumiwa. Lazima iwe na kazi nyingine, kazi safi, inayoonekana, yenye watu wanaoilinda.

Hapa kila mtu wa Mombasa huniambia habari za Haller Park. Na mimi naipenda mno. Mwaka 1971 Rene Haller alianza kupanda miti kwenye machimbo ya saruji ya Bamburi, mahali palipokuwa mwamba mtupu, na mvinje ukakubali. Majani yake yalianguka yakakauka bila kuoza, ndipo wakaletwa majongoo, wakayala, wakatoa mbolea, na udongo ukazaliwa juu ya jiwe. Leo kuna msitu pale. Lakini machimbo yalikuwa na njaa tu, hayakuwa na sumu. Hakuna jongoo anayemaliza risasi, na mti ukiivuta, majani yake yanakuwa taka ya sumu nayo. Ndiyo maana mtu akiniambia tupande mchicha tukisafishe kiwanja, moyo hunipiga. Mchicha hushikwa na vumbi jani zima, muhogo unakua ndani ya udongo wenyewe. Bamia na nyanya ni afadhali, na afadhali zaidi ni kulima kwenye gunia lililojazwa udongo wa mahali pengine.

Tiba ya udongo ipo, tena si moja. Jijini London, walipokuwa wakiandaa uwanja wa Olimpiki ya 2012 upande wa mashariki, ardhi ile ilikuwa imebeba viwanda kwa zaidi ya karne. Walichimbua zaidi ya tani milioni moja za udongo, wakaziosha na kuzichekecha kwenye mitambo iliyopewa jina la hospitali za udongo, na sehemu kubwa ikarudishwa palepale. Jina hilo nimelipenda kuliko mitambo yenyewe. Huko Oakland, Marekani, katika mtaa wa South Prescott, walitumia kitu ambacho soko la samaki la kwetu hukitupa kila siku: mifupa ya samaki. Ilisagwa ikawa unga, ikachanganywa na udongo wa bustani za watu. Fosfeti iliyomo katika mifupa huishika risasi ikawa madini magumu ambayo tumbo la mtoto haliwezi kuyafyonza kwa urahisi. Risasi bado imo, ila imefungwa mdomo. Juu yake wakaweka udongo safi na majani. Hiyo ilianza mwaka 2011. Nilimsimulia mzee mmoja mvuvi, akatafakari kimya, kisha akasema, "Kumbe mifupa ya changu ina kazi."

Na njia ya nne, baada ya kukwangua, kuosha na kuchanganya mifupa, isiyo na maajabu, ndiyo tuliyoweza sisi: kufunika.

Ilianza kwa sababu akina mama walitaka chekechea. Watoto walikuwa wakivuka barabara kuu kwenda ile ya karibu, na kiwanja cha nyuma kilikuwa wazi. Kikao kilifanyika barazani, na kila aliyesema alisema tofali na mabati. Nilipoomba tupime udongo kwanza, mzazi mmoja alinijibu kwa uchungu wa kweli: "Dada, kila tukipata kitu kizuri nyinyi watu wa afya mna karatasi ya kutuzuia." Nilimwelewa. Nikamwomba anisaidie kuchota sampuli.

Tulichota sehemu kumi na mbili, kila moja kwa kijiko chake, tukaandika kwenye mifuko kwa kalamu ya wino mzito. Maabara zina mashine mfano wa bastola, unailenga kwenye udongo na baada ya sekunde inasoma. Kule Marekani kwa miaka mingi walihesabu miligramu 400 za risasi katika kilo ya udongo kuwa ndicho kiwango cha kuanza kuchunguza udongo wa makazi, na mwaka 2024 wakakishusha hadi 200. Kiwanja chetu kwa sehemu kubwa kilikuwa chini ya hapo. Kona isiyoota majani ilikuwa juu sana, mara kadhaa. Nilitandika karatasi ya majibu juu ya mkeka, na yule mzazi aliyenijibu kwa uchungu akaweka kidole penye namba ya kona, akakiacha pale. "Hapa ndipo wangu hukaa," akasema. Alikuwa baba wa yule mtoto wa kidole.

Afisa wa afya ya umma alituelekeza vizuri, kwa subira. Tusichimbue, maana kuchimbua bila mahali pa kuupeleka udongo ni kuuhamishia kwa jirani. Tufanye siku ambayo watoto wako shule na madrasa. Tulilowesha kona nzima kwa mipira ya maji tangu asubuhi, hakuna kugusa pakavu. Vijana walivaa maski na viatu vya mvua, na nguo zao zilifuliwa hapohapo, peke yake, hazikuingia nyumbani. Tukatandaza turubai nene la rangi ya chungwa, ili atakayechimba siku za mbele akilikuta ajue amefika mahali pabaya. Juu yake kifusi cha matumbawe, kikashindiliwa. Juu ya kifusi, zege. Sehemu iliyobaki ya kiwanja ilipata shubiri nzima ya udongo safi, na ukoka.

Hapo kwenye udongo safi karibu tuharibu kila kitu. Lori la kwanza lilikuja kabla ya saa sita, dereva akiwa na bei nzuri kuliko tulivyotarajia. Alipomwaga gari la kwanza nilipiga magoti nikautia mkono. Ulikuwa mweusi, unateleza, na ndani yake kulikuwa na vipande vya plastiki nyeusi na nyuzi za shaba. Ulitoka kwenye yadi ya magari. Kijana yule hakuwa mbaya, alitaka kutupunguzia gharama tu.

"Mama, udongo ni udongo."

"Mwanangu, huu siuchukui. Rudisha."

Tulilipa mafuta ya kuurudisha, tukakaa wiki mbili zaidi, na mwishowe tukapata udongo mwekundu wa mashambani upande wa Rabai, tukaupima nao kabla haujashushwa. Wiki hizo mbili zilikuwa ndefu. Lakini kama tungeupokea ule mweusi, tungekuwa tumewafunika watoto kwa blanketi la ugonjwa uleule.

Kuna jambo jingine ambalo nilitaka liandikwe kabla hata ya jembe la kwanza, nalo ni la hati. Sehemu kubwa ya Mombasa watu tuna nyumba lakini hatuna ardhi: kuta ni zako, umezijenga, umezirithi, na chini yake ni mali ya mwingine unayemlipa kodi ya kiwanja. Ardhi chafu haina anayeigombea. Ikisafishwa, inapata bei. Hata London, ile kazi nzuri ya hospitali za udongo ilitanguliwa na kuhamishwa kwa watu wa makazi ya Clays Lane, nyumba zao zikabomolewa kupisha uwanja. Nililifikiria sana hilo. Afya ya jamii gani, ikiwa jamii yenyewe imeondolewa ili wengine waje wapumue hewa safi? Wazee wetu wakaenda kwa familia yenye ardhi, wakanywa kahawa nao mara tatu. Wakakubaliana kwa maandishi mbele ya wakili, kiwanja kitumike kwa chekechea kwa miaka kumi na kodi isipandishwe kwa sababu ya kazi tuliyoifanya. Miaka kumi si mingi. Nimeweka nakala kabatini, ndani ya mfuko wa nailoni, pamoja na vyeti vya kuzaliwa vya wanangu.

Chekechea ina vyumba viwili. Mlangoni kuna mfereji wa kunawia, na kila mtoto anavua champali, ananawa mikono kwa sabuni, ndipo anaingia. Saa nne wanakula uji, na mara mbili kwa wiki dagaa wa kusaga na kunde, kwa ajili ya chuma na kalisi, maana tumbo lenye shibe ya vitu hivyo huipa risasi nafasi ndogo. Ubao wa menyu nimeuandika mimi.

Yule mtoto wa kidole amepimwa damu mara mbili. Kipimo cha pili kimeshuka, ingawa hakijafika pale ninapotaka. Risasi iliyo kwenye damu hupungua kwa wiki na miezi, ile ya mifupani itamchukua miaka mingi. Mama yake alinikunjulia karatasi ile mlangoni, mikono ina unga wa chapati, akaniuliza namba ya juu na ya chini kama mtu anayejifunza kusoma saa. Nikamweleza. Akairudia mwenyewe. Kisha akaniuliza habari za nyumba ya dada yake, iliyo karibu na mtaro ule ambamo maji ya betri yalikuwa yakipita, na nikamwambia kweli kwamba bado hatujaupima mtaro. Ndio ulio mbele yangu sasa. Una urefu wa nyumba kumi na tisa.

Siku tuliyomwaga zege, kabla halijakauka, mzee wetu mmoja alichukua msumari wa inchi sita akaandika juu yake kwa herufi kubwa: CHINI YA HAPA PANA RISASI. USICHIMBE. Akaweka na mwaka. Wengine walisema inachafua sura ya uwanja. Alisema sisi tunaojua tutakufa.

Mwezi uliopita kijana fundi wa bomba alikuja kuvuta maji hadi chumba cha pili. Njia fupi ilikuwa inapita konani. Alikuwa ameshatia sururu mkononi alipoyaona maandishi, akayafuta vumbi kwa kiatu ili ayasome yote, kisha akaomba nambari yangu kwa mwalimu. Nilipofika nilimkuta ameketi kivulini ananisubiri. Nikamwonyesha mpaka wa turubai, hatua kwa hatua. Akanunua viungio viwili zaidi vya plastiki kwa fedha zake, hakuniambia mpaka baadaye. Ukienda leo utaliona bomba: linatoka mferejini, linanyooka kama hatua nane, linafika penye zege, linapinda kushoto, linaizunguka kona yote, ndipo linaendelea.